Kikohozi cha Korali

Habari ilipofika kwamba tumealikwa kuimba Mbarara, maestro wetu alipanda juu ya benchi la kanisa na viatu vyake, jambo ambalo asingemruhusu mtu mwingine alifanye, akanyoosha mikono kama anayetaka kuruka.

"Batoto ya Mungu," alisema, "tunaenda mujini!"

Kelele zilizofuata zilitikisa turubai la paa. Mama mmoja alirusha kitambaa chake cha kichwa kikanasa kwenye boriti, kikabaki kinaning'inia hapo mpaka tulipotawanyika. Mpiga ngoma alipiga bila kuambiwa. Mimi nilimkumbatia mdogo wangu tukazunguka kwenye vumbi kama watoto, ingawa mimi nilikuwa mtu mzima tayari, na yeye alikuwa msichana wa sekondari aliyeanza kuona haya mbele za watu.

Tulikuwa korali, yaani kwaya, ya Wakongomani wa Kivu ya Kusini, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, lakini sauti zetu zilikuwa na jina. Wengi wetu tulikuwa tumeuona mji wa Mbarara kutoka juu ya lori tu, siku tulipoletwa kambini, na siku ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kutazama maghorofa. Sasa tulikuwa tunarudi tukiwa wageni walioitwa. Kanisa kubwa la mjini, la matofali na vioo, lilikuwa na sikukuu ya mavuno. Mchungaji wao alikuwa ametusikia alipotembelea kambi, akasema anatutaka sisi.

Maestro alitunga wimbo mpya kwa ajili ya siku ile. Alikuwa mtu mfupi, mwenye tai moja ya bluu aliyoivaa hata akienda kupalilia, na wimbo ulipomjia alikuwa hali wala halali. Mwisho wa wimbo huo sauti zote zilishuka, besi, na hata sisi wa alto, zikabaki kama mnong'ono, na hapo juu yetu sote ikapanda sauti ya mdogo wangu, peke yake, ikasimama, ikasimama, mpaka ngoma iingie. Alipoimba sehemu ile kwa mara ya kwanza, watu waliokuwa wakipalilia maharage ng'ambo ya njia walinyoosha migongo yao wakageuka kutazama kanisa. Sisemi hivi kwa sababu ni ndugu yangu. Waulizeni waliokuwepo.

Tulifanya mazoezi kila alasiri baada ya shamba. Sisi tuliyaita repetisyo, maana Kifaransa cha kwetu kilitufuata mpaka Uganda. Joto lilikuwa kali chini ya turubai, na vumbi liliingia kila mahali. Kwa hiyo kwenye kona, nyuma ya benchi la soprano, palikuwa na mtungi wa udongo uliofunikwa sahani, na kikombe kimoja cha plastiki kikielea ndani. Kati ya wimbo na wimbo tulikunywa, wote, kikombe hicho hicho.

Maji yale yalitoka bondeni, chini ya kanisa. Bomba lilikuwepo, lakini lilikuwa mbali, na foleni ya bidoni, yale madumu ya njano, ilianza kabla ya jua. Tena siku nyingine ukifika mbele, bomba linatoa upepo tu. Dimbwi la bondeni halikuwa na foleni. Wasichana wa korali walishuka na bidoni, wakapanda wakicheka, wakamimina mtungini. Tuliyaacha yatulie, uchafu ukazama, juu yakaonekana safi kama kioo. Maestro aliyapenda. Alisema yana ubaridi wa chemchemi za milima ya kwetu, na kwamba maji baridi yanakaza sauti. Nani angebishana naye? Yeye ndiye aliyetufundisha kuimba.

Juu ya lile bonde, kwenye mteremko, kulikuwa na nyumba za watu, na nyuma ya nyumba vyoo vya shimo. Mvua ikinyesha, maji yote ya mteremko yalitafuta bonde. Tulikuwa tunaliona hilo kwa macho, kila msimu. Hatukuwahi kuliunganisha na kikombe.

Kikohozi kilianza kwa tenor. Tukawacheka, tukasema ni vumbi la mahindi, maana ulikuwa wakati wa kupukuchua. Kisha kikanishika mimi, kikavu, kama mtu ananikuna kooni kwa unyasi. Kikakaa wiki chache, kikaondoka, kikarudi. Benchi la besi nalo likaanza. Ilifika mahali wimbo ukawa na matundu: huyu anakohoa hapa, yule anapokea pale, na maestro anafumba macho kwa uchungu.

"Muko mukiimba ao muko mukibweka?" aliuliza siku moja, na hata yeye alipomaliza kuuliza akakohoa.

Mdogo wangu ndiye aliyepigwa zaidi. Usiku kifua chake kilipiga filimbi. Mchana, alipojaribu kupanda ile sehemu ya mwisho, pumzi ilimkatikia katikati, akabaki amefungua mdomo bila sauti, macho yamemjaa maji. Mama alimpa tangawizi, akamfukiza kwa majani ya mkaratusi, akamkanda mgongo kwa mafuta. Kikohozi kilisikiliza kila dawa kwa heshima, kisha kikaendelea.

Katika korali nzima mtu mmoja tu hakukohoa: mpiga ngoma. Alikuwa mfugaji kutoka nyanda za juu, mtu wa kimya, na tangu mwanzo alikataa maji ya mtungi. Alikuja na chupa yake ya chai ya maziwa. Tukimwuliza, alisema maji ya dimbwi ni ya ng'ombe, na mwanaume akiyanywa mikono yake inalegea, hawezi kupiga ngoma. Tulimcheka sana. Tulisema hakohoi kwa sababu ngoma haihitaji mapafu.

Kisha ukaja mnong'ono, na ukawa mbaya kuliko kikohozi. Jumapili moja mdogo wangu aliketi kwenye benchi lake, na mama aliyekuwa karibu naye akamvuta mtoto wake, akahamia nyuma. Mwingine akamfuata. Tulipotoka nje alinishika mkono mimi, yaya yake, yaani dada yake mkubwa.

"Yaya, banasema niko na tibi."

"Nani anasema?"

"Bote. Banasema njo miye niliwaambukiza."

Tibi, yaani kifua kikuu. Nilimpeleka zahanati ya kambini siku iliyofuata. Walipima makohozi yake wakasema hawakuona kifua kikuu, wakampa vidonge na dawa ya maji. Akamaliza vyote, filimbi ikaendelea kupiga. Tuliporudi, muuguzi alimsikiliza tena mgongoni, akatikisa kichwa, akasema aende hospitali ya Mbarara wakampige picha ya kifua.

Ningesema tulihuzunika, lakini ningekuwa ninadanganya. Mdogo wangu alinitazama kwa macho makubwa.

"Mbarara? Nitafika mbele ya korali?"

Alivaa gauni lake la Jumapili. Mama alilalamika kwamba mgonjwa haendi hospitali amevaa kama bibi harusi, na yeye akajibu kwamba daktari atamheshimu zaidi. Tulipanda pikipiki, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja, mpaka mji mdogo wa Rwekubo, na kutoka hapo tukapata gari la mjini. Njia nzima alikohoa ndani ya kitambaa na njia nzima alinionyesha vitu: migomba isiyokwisha, ng'ombe wenye pembe kama matao, kisha maduka, kisha nyumba juu ya nyumba. "Yaya, tazama! Bantu banakaa kule yulu na bananika nguo!" Abiria walitabasamu. Nilisahau kabisa kwamba tulikuwa tunakwenda kusikia habari ambayo ingeweza kuwa mbaya.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Munyankore, mwenyeji wa pale, mwenye mwendo wa haraka kama mtu anayechelewa sokoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia kazini, lakini hakukionea haya, nasi hatukuionea haya Runyankore yetu ya kubabaisha, kwa hiyo tulielewana. Aliiinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Mbavu za mdogo wangu zilionekana nyeupe, na juu upande wa kulia palikuwa na doa, kama wingu dogo.

"Hii mimi hapana elewa," alisema. "Nyinyi rudi wiki ijayo, tupige tena."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Doa ni doa, na mama alikuwa ameshaanza kuomba kwa sauti. Tuliporudi, daktari alipokea picha mpya, akaiweka kando ya ile ya kwanza dirishani, akakaribia, akarudi nyuma, akakaribia tena. Halafu akapiga kofi.

"Imetembea!"

Hatukuelewa. Akatuita tuje tuone. Lile wingu la kulia juu halikuwepo tena. Pale palikuwa safi kabisa. Lakini kushoto, chini, palikuwa na wingu jipya.

"Kifua kikuu natengeneza nyumba, nakaa hapo hapo," alisema. "Hii ugonjwa hapana kaa. Leo hapa, kesho kule. Natembea tu."

Mdogo wangu alizitazama picha mbili, akavuta pumzi yenye filimbi, akasema, "Kumbe nayo ni mukimbizi."

Daktari alicheka mpaka akakaa kwenye kiti. Mgonjwa aliyekuwa mlangoni akachungulia kuona kuna nini. Alipojifuta macho, daktari aligeuka ghafla akawa mtu mwingine, mtu aliyeona njia ya panya na sasa anataka tundu lake.

"Nani mwingine nakohoa?"

"Korali yote," nilisema.

"Nyinyi nalala nyumba moja?"

"Hapana."

"Nakula pamoja?"

"Hapana, dokta. Tunaimba tu."

"Na kukunywa?"

Nikamweleza mtungi. Nikamweleza kikombe. Alipouliza maji yanatoka wapi, nikamweleza bonde, na alipouliza juu ya bonde kuna nini, nilifungua mdomo kumjibu na jibu likanigonga mimi mwenyewe kabla halijamfikia. Nyumba. Na nyuma ya nyumba.

"Na mtu mmoja tu hakohoi," nikasema polepole, "na yeye anakunywa chai."

"Eee, nyabo!" alisema daktari, akiniita mama kwa lugha yao, na macho yake yaling'aa.

Walimtoa mdogo wangu damu, wakampa kikopo aende nacho msalani, jambo lililomfanya aone haya kuliko yote. Tukakaa kwenye benchi la nje. Baada ya muda daktari alikuja mwenyewe kutuita, karibu anakimbia, akatupeleka chumba cha maabara na kumwomba fundi atupishe.

"Weka jicho hapa."

Nilikuwa sijawahi kuangalia ndani ya hadubini. Kwanza niliona kope zangu tu. Kisha mwanga ukakaa sawa na katikati yake nikaona kitu cha mviringo, cha rangi ya chai, na ganda lake lote lina vinundu vinundu, kama fenesi. Fenesi dogo ajabu, lililokaa limetulia. Kando yake lingine.

"Hiyo ni yai ya minyoo," alisema. "Ile kubwa, ya tumbo."

Alitueleza akitumia mwili wake mwenyewe, kidole kikitembea juu ya koti lake jeupe. Yai liko kwenye choo. Mvua inalisukuma mpaka kwenye maji, nawe unalinywa bila kuliona. Tumboni linaanguliwa, na kile kijidudu kidogo hakikai kule. Kinatoboa, kinaingia kwenye damu, na damu inakipeleka kwenye mapafu. Hapo kinatembea, na ndipo mtu anakohoa na kifua kinapiga filimbi, na picha inaonyesha wingu linalohama. Kisha kinapanda koo, mtu anakimeza tena bila kujua, na sasa kinakaa tumboni na kukua mpaka kiwe mnyoo mrefu wenye mayai yake. Na kama kila siku unakunywa maji yale yale, basi wengine wako tumboni wamekua, wengine njiani, wengine kifuani, wakati mmoja.

"Kwa hiyo si tibi?" mdogo wangu aliuliza.

"Hapana kifua kikuu. Minyoo."

Alitoka mbio mpaka kwenye ukumbi ambako wagonjwa walikuwa wamepanga foleni kwenye mabenchi, akanigeukia na kupaza sauti yote iliyobaki kifuani mwake: "Yaya! Haiko tibi! Ni minyoo!" Benchi zima lilimtazama. Sidhani kama hospitali ile imewahi kuona mtu aliyefurahia minyoo kiasi kile. Nilicheka, nikalia, nikamshika asije akaanguka kwa kukohoa.

Daktari alimpa dawa ya minyoo na dawa nyingine ya kufungua pumzi. Alituambia ile ya minyoo inawaua wakubwa walio tumboni, lakini walio safarini kifuani wanahitaji muda, kwa hiyo itamezwa tena baada ya wiki kadhaa. Aliandika pia ujumbe kwa zahanati ya kambini kwamba korali yote ipewe. Kisha akainua kidole.

"Lakini kama nyinyi narudi kwa ile maji, dawa nafanya kazi bure."

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu, tukaenda moja kwa moja kanisani, ambako watu walikuwa kwenye mazoezi wanakohoa na kuimba. Mdogo wangu alisimama mbele akaeleza yote, kidole kikitembea juu ya gauni lake la Jumapili kama alivyofanya daktari. Nilitegemea shangwe. Watu walimtazama maestro.

Maestro alikuwa amesimama kando ya mtungi.

"Mutoto yangu," alisema kwa upole, "nafurahi hauna tibi. Lakini maji inaenda mu tumbo. Sauti inatoka mu mapafu. Ni njia mbili. Maji itafika mu mapafu namna gani?"

"Ata miye sikuamini, maestro. Lakini niliona kwa macho yangu."

"Uliona nini?"

"Fenesi."

Watu walivunjika kwa kicheko, kicheko kikageuka kikohozi, na kwa muda kanisa lote lilikuwa linakohoa kwa pamoja, juu mpaka chini, soprano mpaka besi. Mpiga ngoma peke yake alikaa ametulia, akamimina chai yake.

"Nilisema iyo maji ni ya ng'ombe," alisema.

"Wewe ulisema inalegeza mikono!" mtu alimjibu.

"Ni sawasawa," alisema mpiga ngoma, akanywa.

Maestro hakucheka. Nilielewa baadaye kwamba kilichomuuma hakikuwa minyoo. Maji yale yalikuwa yanamkumbusha kwao, na tulikuwa tunamwambia kwamba alichokipenda kimetuumiza. Alikaa, akaishika tai yake, akaitazama. Mdogo wangu alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Papa," alisema, kama anayemwita baba, hakumwita maestro, "nataka kuimba ule mwisho."

Maestro aliiachia tai yake.

"Kama ni juu ya Mbarara," alisema hatimaye, "nitameza."

Muuguzi wa zahanati alikuja na dawa Jumamosi. Tulipanga mstari kanisani, mmoja mmoja, tukapokea kidonge na kukitafuna mbele yake, kwa utaratibu ule ule tunaoendea Meza ya Bwana, na mama mmoja alikosea akasema "Amina" alipopewa chake. Maestro alikuwa wa mwisho. Alikitafuna huku amekunja uso, kama mtu anayetimiza ahadi tu.

Baada ya siku chache, asubuhi, mama yangu akiwa anasonga bugali nje, tuliona tai ya bluu ikija kwa haraka njiani. Maestro alisalimia, akakataa kiti, akatazama huku na huku.

"Mama," alisema, "ile dawa iko kweli."

"Kweli namna gani?"

Alishusha sauti, lakini mtu aliyezoea kuongoza korali hajui kunong'ona, na mimi nilisikia vizuri kutoka ndani.

"Usiniulize, mama. Nilikuwa na korali ingine mu tumbo."

Mama aliangusha mwiko. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi karibu na moto, na maestro alisimama pale kwa heshima zake zote, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na akacheka naye, akashika tumbo, akasema aksanti Mungu, aksanti Mungu, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amejifungua.

Tangu hapo hakuna aliyekuwa mkali kumzidi. Maji ya kuchemsha tu! Kila mwimbaji alikuja mazoezini na kuni mkononi. Usipokuja na kuni, huimbi. Kina mama walichemsha sufuria kubwa asubuhi, yakapoa, yakawekwa kwenye bidoni safi yenye kifuniko, na kila mtu akaja na kikombe chake. Maji yalikuwa na ladha ya moshi, nasi tuliyanywa tukikunja nyuso. Wanaume wa besi walichimba mfereji juu ya dimbwi ili maji ya mvua yapite kando. Maestro alikwenda nyumba kwa nyumba kwenye mteremko kuongea habari za vyoo. Wengine walimsikiliza, mmoja alimfukuza na kumwambia akaimbe. Wale wenye nyumba walichimba vyoo vipya upande wa pili, polepole, si wote. Bomba la karibu lilikuja miaka kadhaa baadaye, tukiwa tumeshazoea moshi.

Kikohozi hakikuondoka kwa siku moja. Kilipungua kama mvua inavyopungua, tone hapa, tone pale. Wale waliomhama mdogo wangu kwenye benchi walirudi, mama mmoja akimletea sahani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, naye aliipokea kwa mikono miwili. Kila alasiri alijaribu ule mwisho. Mara ya kwanza alifika nusu. Akapumzika, akajaribu tena siku nyingine, akafika zaidi. Sisi wa alto tulishusha sauti zetu na kukaza ngumi, tukimsukuma kwa mioyo.

Halafu ikafika siku moja, baada ya dozi ya pili. Mvua ilikuwa imekatika, hewa imeoshwa. Tulishuka mpaka kwenye mnong'ono. Akafungua mdomo. Sauti ilipanda, safi, haina mkwaruzo, ikasimama pale juu, na tukasubiri ikatike, na haikukatika. Iliendelea. Iliendelea mpaka nikageuka kumtazama mpiga ngoma, maana ilikuwa zamu yake kuingia, na nikamkuta ameshika fimbo hewani, mdomo wazi, amesahau kabisa.

"Ngoma!" alipiga kelele maestro. "Ngoma, ndugu yangu!"

Akapiga. Loo! Tulirukaruka kama siku ile ya kwanza, na maestro akapanda tena benchi na viatu vyake.

Mbarara tulikwenda kwa lori la mfanyabiashara wa mahindi, tumesimama, tumevaa vitenge vya kijani vya kufanana. Kanisa la matofali lilikuwa na kitu ambacho hatukuwa tumewahi kukutana nacho: mwangwi. Turubai letu lilimeza sauti. Ukuta ule ulizirudisha. Tulipoimba ubeti wa kwanza, sauti zetu zilirudi kwetu kutoka darini zikiwa nyingi na kubwa, nasi tukatazamana kwa mshangao, hawa ni nani wanaoimba hivi? Mdogo wangu alipofika kwenye ule mwisho, watu wa mjini walianza kusimama, mstari baada ya mstari, kabla hata hajamaliza. Mchungaji wao alitaka turudie. Tulirudia.

Baada ya chakula, matoke mengi na nyama ambayo wengine walifunga kwenye majani kupeleka nyumbani, mdogo wangu alimwambia dereva hatuondoki kabla ya kupita hospitali. Dereva alikataa. Korali yote ikamzunguka. Akakubali.

Daktari alikuwa kwenye zamu. Alitoka uani amening'iniza shingoni kipimo chake cha kusikilizia kifua, akakuta watu wa vitenge vya kijani wamejaa chini ya veranda, na kabla hajauliza, maestro alikwishainua mikono. Tuliimba kwa sauti ya chini, kwa ajili ya wagonjwa. Wengine walitoka wakijikokota, wakaegemea nguzo. Tulipokaribia mwisho, daktari alivuka ua, akaenda nyuma ya mdogo wangu, akaweka kipimo mgongoni kwake, juu ya kitenge, akainamisha kichwa.

"Imba," alisema. "Mimi nasikiliza."

Mdogo wangu akaimba. Nilikuwa nimesimama karibu, nikauona uso wa daktari. Alifumba macho. Alihamisha kipimo kushoto, akakishusha chini, pale lilipokuwa wingu la pili, akakaa hapo. Sauti ilipokoma aliondoa vyuma masikioni.

"Filimbi hakuna," alisema. "Nasikia wimbo tu."

Wakakumbatiana, na maestro akamshika daktari mikono yote miwili akimweleza kwa Kiswahili, Kifaransa na machozi mambo ambayo nina hakika hakuyaelewa hata nusu.

Njiani kurudi hatukunyamaza. Tuliimba tukipita migomba, tukipita ng'ombe, jua likitupiga usoni. Tulipoingia Rwekubo, watu walitoka madukani, na polisi mmoja akasimama katikati ya barabara, akainua mkono. Dereva akakanyaga breki.

"Nyinyi nafanya kelele gani hii?" aliuliza polisi.

"Afande, ni kwaya," alisema dereva, akiwa na wasiwasi. "Natoka Mbarara."

Polisi alizunguka lori polepole, akitukagua mmoja mmoja. Akarudi mbele. Akamwita mwenzake aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha duka, akamwambia alete kiti. Kisha akakaa kwenye kile kiti, hapo hapo kando ya barabara, akaweka kofia yake juu ya goti.

"Haya," alisema. "Anza tena. Toka mwanzo."